Duka la dada, mitumbwi ya kaka: jinsi ya kuandika miamala inayogusa vitabu viwili vya hesabu

Kuzunguka soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, si ajabu kukuta dada anauza nyavu, kamba na taa za sola, na mdogo wake ana mitumbwi ya dagaa huko kisiwani Ukerewe. Biashara ni mbili, kila moja ina daftari lake, lakini fedha zinavuka huku na huku kila siku. Dada ananunua petroli ya injini za mitumbwi kwa sababu yeye ndiye aliye mjini. Mnunuzi wa dagaa anaweka hela kwenye akaunti ya benki ya dada kwa sababu ndiyo anayoijua. Kaka anachukua nyavu dukani kwa maneno ya "tutaandikiana". Mwaka ukiisha hakuna anayejua nani anamdai nani, na ugomvi unaozuka hapo huwa mkubwa kuliko hela yenyewe.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya ndugu wa namna hiyo. Mwenye duka Makoroboi na mashine ya kukoboa mpunga Misungwi atautumia vilevile, kwa kubadilisha majina tu. Humu nitayaita madaftari hayo Duka na Mitumbwi.

Kanuni inayobeba kila kitu ni hii: deni kati ya biashara zenu mbili ni deni kamili, sawa na deni la mtu baki, na linaandikwa katika vitabu vyote viwili, kwa tarehe ileile, kiasi kilekile na namba ileile ya hati. Muamala wa pamoja ulioandikwa upande mmoja tu ni kosa, hata kama kiasi ni sahihi.

Kwenye mitumbwi jambo hili lina uzito wa pekee. Wavuvi wengi wa dagaa hawalipwi mshahara wa mwezi. Gharama za mafuta, chakula na nyinginezo huondolewa kwanza kwenye mauzo, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri (mwenye mitumbwi) na wavuvi. Gharama ya Duka ikiingia kwa bahati mbaya kwenye daftari la Mitumbwi, waliokesha ziwani ndio wanaoilipa bila kujua. Na petroli iliyonunuliwa mjini ikichelewa kuandikwa, mgao unafanyika juu ya faida isiyokuwepo, kisha giza linalofuata (giza ni zile siku zisizo na mbalamwezi, ambapo dagaa huvuliwa) kaka anajaribu kuwakata wavuvi deni ambalo hawakuwahi kuliona. Kambi nyingi huvunjikia hapo.

Kwanza: kila daftari ni la nani kisheria?

Lijibuni swali hili kabla ya kushika kalamu, maana jibu lake linabadilisha jinsi ya kuandika.

Kama mmiliki ni mtu mmoja asiye na kampuni, biashara zote mbili ziko chini ya TIN yake moja, yaani namba ya mlipakodi. Kwa TRA (Mamlaka ya Mapato) huyo ni mlipakodi mmoja, na mapato yake yanajumlishwa. Nyavu zikitoka dukani kwenda kambini, hapo hakuna mauzo: mali imehama tu, na inaandikwa kwa bei iliyonunuliwa.

Kama ni dada na kaka, kila mtu na TIN yake, au mojawapo ni kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), hao ni wafanyabiashara wawili. Nyavu zikitoka dukani zimeuzwa, na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) itolewe kama inavyotolewa kwa mteja mwingine yeyote. Bei nayo isiwe ya kupangwa ili kuhamisha faida kutoka kitabu kimoja kwenda kingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka watu wenye uhusiano wafanye biashara kama wangefanya watu wasiohusiana. Punguzo la mteja mzuri ni halali, mradi mteja mwingine anayenunua kiasi hicho angelipata pia.

Mifano yote inayofuata ni ya hali hii ya pili, dada na kaka wenye TIN mbili.

Pili: fungueni akaunti mbili zinazotazamana

Katika daftari la Duka fungueni ukurasa wa leja uitwao Akaunti ya Mitumbwi. Katika daftari la Mitumbwi fungueni ukurasa uitwao Akaunti ya Duka. Kila muamala wa pamoja lazima upite katika kurasa hizo mbili. Ukiingia debiti upande mmoja, unaingia krediti upande wa pili. Kwa wasiozoea maneno hayo: akaunti inayopokea inadebitiwa, inayotoa inakreditiwa.

Mkifanya hivyo, salio la ukurasa mmoja litalingana daima na salio la mwingine, kwa pande zilizo kinyume. Kwa kulinganisha salio hizo mbili tu mnajua kama mko sawa, bila kupekua daftari zima.

Msiichanganye akaunti hii na ya wadaiwa wa kawaida, wala na mtaji wa mmiliki. Nimeona madaftari ambamo kila hela iliyotoka kwa ndugu imeandikwa "mtaji", na baada ya muda haiwezekani tena kutenganisha kilichotolewa na kilichokopwa.

Wanaotumia kompyuta wafanye hivyohivyo. Katika programu kama GnuCash kila kitabu ni faili lake, na muamala mmoja hauwezi kukaa nusu huku na nusu kule. Kinachoyaunganisha mafaili ni hizi akaunti mbili. Katika Excel tumieni karatasi mbili tofauti, na msiunganishe seli za moja na nyingine, kwa sababu kosa la upande mmoja litajinakili upande wa pili na hamtaliona kamwe.

Tatu: hati moja yenye namba

Nunueni kitabu cha hati chenye nakala ya kaboni. Kila muamala wa pamoja unaandikiwa hati yenye tarehe, namba, kiasi, kazi ya fedha au mali hiyo, aliyetoa, aliyefaidika, na sahihi za pande zote mbili. Nakala moja inabaki Duka, nyingine inakwenda kambini.

Namba zipangwe kwa herufi: D kwa hati zinazoanzia dukani, M kwa zinazoanzia kambini. Visiwani mtandao hukatika, na kama mnagawana mfululizo mmoja wa namba, siku moja mtajikuta mna hati mbili zenye namba 14. Kwa herufi kila upande unaendelea na mfululizo wake bila kumsubiri mwenzake.

Picha ya hati itumwe kwa simu siku hiyohiyo. Ikichelewa, yule wa kambini aandike muamala mara apatapo habari, kwa tarehe iliyo kwenye hati.

Hapa ndipo undugu unapopimwa. Kaka akipiga simu: "Dada, nilipie mafuta ya laki nne na ishirini, giza limeshaanza," dada ajibu: "Nalipa sasa hivi, mdogo wangu. Andika D-01." Hakuna dharau katika jibu hilo. Kumwandikia ndugu yako ni kumlinda yeye na kumlinda mke wake na watoto wake, ambao siku moja huenda wakalisoma daftari hilo bila yeye kuwepo wa kueleza.

Nne: kuandika kila aina ya muamala

Tufuate giza moja tangu mwanzo, akaunti zote mbili zikiwa sifuri.

*Kumlipia mwenzako.* Duka limelipa petroli ya mitumbwi, Sh 420,000 taslimu, hati D-01.

Duka: debiti Akaunti ya Mitumbwi 420,000, krediti Fedha taslimu 420,000.
Mitumbwi: debiti Mafuta 420,000; krediti Akaunti ya Duka 420,000.

Kosa linalotokea sana ni dada kuandika "mafuta" kwenye gharama za Duka kwa sababu hela imetoka mkononi mwake. Gharama ni ya yule aliyetumia kitu. Aliyelipa ana dai tu.

*Kuuziana kwa mkopo.* Kaka amechukua nyavu za Sh 630,000, hati D-02, pamoja na risiti.

Duka: debiti Akaunti ya Mitumbwi 630,000, krediti Mauzo 630,000.
Mitumbwi: debiti Nyavu 630,000, krediti Akaunti ya Duka 630,000.

*Gharama ya pamoja.* Wamepanga jengo moja, mbele duka, nyuma stoo ya dagaa wakavu. Pango ni Sh 300,000 kwa mwezi, na walikubaliana tangu mwanzo kwamba Duka libebe theluthi mbili. Duka limelipa yote kwa benki, hati D-03.

Duka: debiti Pango 200,000, debiti Akaunti ya Mitumbwi 100,000, krediti Benki 300,000.
Mitumbwi: debiti Pango 100,000, krediti Akaunti ya Duka 100,000.

Uwiano wa kugawana uandikwe na kusainiwa kabla ya bili kuja. Chagueni kipimo kinachoonekana kwa macho: ukubwa wa eneo kwa pango, idadi ya safari kwa gari, mita ndogo kwa umeme wa LUKU kama mnaweza kuifunga. Malipo ya mlinzi yagawanywe nusu kwa nusu na mwendelee na kazi. Kukaa kikao kirefu kwa ajili ya tofauti ya elfu tano ni hasara nyingine. Ila msibadilishe uwiano katikati ya mwaka kwa sababu mmoja amepata giza baya. Akihitaji msaada, msaidieni kwa mkopo ulioandikwa.

Pango lina jambo la ziada. Mpangaji wa eneo la biashara anakata kodi ya zuio ya 10% kwenye pango na kuipeleka TRA. Anayewajibika ni yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba, kwa hiyo kodi hiyo ikatwe na kuandikwa kwenye daftari lake kwa pango zima, kisha mwenzake abebe fungu lake la pango kama mfano ulivyoonyesha.

*Kutuma fedha.* Kaka ameuza, ametuma Sh 400,000 kwa simu, hati M-01. Tuseme makato ni Sh 6,000.

Mitumbwi: debiti Akaunti ya Duka 400,000, debiti Makato ya simu 6,000, krediti Fedha za simu 406,000.
Duka: debiti Fedha za simu 400,000, krediti Akaunti ya Mitumbwi 400,000.

Makato yasiingie kamwe kwenye zile akaunti mbili zinazotazamana. Anayetuma ayabebe kama gharama yake, au mkubaliane vinginevyo, lakini deni linapungua kwa kiasi kilichofika.

Fedha taslimu zinazosafiri kwa boti zinahitaji uangalifu zaidi. Siku zinapoondoka kisiwani, Mitumbwi wadebiti akaunti iitwayo Fedha Njiani na kukrediti Taslimu. Dada akishazihesabu na kutia sahihi, ndipo Mitumbwi wadebiti Akaunti ya Duka na kukrediti Fedha Njiani, na Duka nalo liandike mapokezi. Kwa njia hiyo hela iliyo majini bado ni mali ya Mitumbwi, na ikipata balaa hakuna ubishi kuhusu nani amepoteza.

*Mteja wa mmoja analipa kwa mwingine.* Muamala huu ndio unaoharibu vitabu kuliko mingine yote. Mnunuzi wa dagaa, tuseme anayepeleka mzigo Kongo au Burundi, ameweka Sh 900,000 kwenye akaunti ya benki ya dada kulipia magunia ya kaka. Hati D-04.

Duka: debiti Benki 900,000, krediti Akaunti ya Mitumbwi 900,000.
Mitumbwi: debiti Akaunti ya Duka 900,000, krediti Mauzo ya dagaa 900,000.

Dada asiandike hata shilingi moja ya hiyo kama mauzo yake. Lakini pia asiinyamazie. Taarifa ya benki yake itaonyesha fedha nyingi kuliko mauzo aliyotangaza, na ofisa wa kodi akiuliza, "ni za mdogo wangu" haitoshi bila karatasi. Hati D-04, nakala ya hati ya malipo ya benki na risiti ya kaka kwa mnunuzi vikae pamoja kwenye jalada moja. Na kama mnunuzi huyo ni wa kila mara, kaka afungue akaunti yake ya benki mapema. Hiyo ndiyo dawa.

*Matumizi ya nyumbani.* Ada ya mtoto wa kaka iliyolipwa na dada kutoka dukani si gharama ya Duka wala ya Mitumbwi. Kama ni zawadi ya shangazi, Duka liandike kuwa mmiliki amechukua fedha kwa matumizi yake binafsi, na habari inaishia hapo. Kama ni mkopo kwa kaka, ipite Akaunti ya Mitumbwi, na kwenye daftari la Mitumbwi iandikwe kuwa kaka amechukua fedha kwa matumizi yake binafsi. Isiguse kabisa hesabu ya mgao wa wavuvi.

Tano: kaeni wakati wa mbalamwezi

Dagaa huvutwa na taa, kwa hiyo huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na kaka huja mjini. Hizo ndizo siku za kulinganisha vitabu. Kusubiri tarehe 30 wakati yeye yuko majini ni kupanga kikao ambacho hakitafanyika. Tarehe za kalenda bado mtazihitaji kwa ajili ya marejesho ya kodi, lakini kikao chenu kifuate mwezi wa angani.

Mmoja asome namba ya hati, tarehe na kiasi kutoka ukurasa wake, mwingine aweke alama ya vema kwenye wake. Baada ya hapo someni salio. Kwa mifano yetu, Duka lina debiti za 420,000, 630,000 na 100,000, jumla 1,150,000. Krediti ni 400,000 na 900,000, jumla 1,300,000. Salio ni krediti 150,000. Maana yake Duka ndilo linalodaiwa na Mitumbwi, ingawa baada ya hati za kwanza ilikuwa kinyume. Salio kugeuka upande ni jambo la kawaida kwa akaunti hizi.

Sasa tuseme daftari la kaka linaonyesha debiti 420,000 badala ya 150,000. Tofauti ni 270,000. Kabla ya kulaumiana, jaribuni haya kwa mpangilio huu.

Tafuteni hati isiyo na alama ya vema. Ikiwepo ya kiasi hicho, mmoja hakuandika.

Gawanyeni tofauti kwa mbili: 135,000. Kama kuna muamala wa kiasi hicho, huenda mmoja ameuandika upande usio wake, debiti badala ya krediti.

Gawanyeni tofauti kwa tisa: 30,000 kamili. Tofauti inayogawanyika kwa tisa bila baki mara nyingi inatokana na tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Tazameni D-02: Duka limeandika 630,000 na kaka ameandika 360,000. Hilo hapo.

Kama tofauti ni ndogo na haina umbo, kaguni makato ya simu.

Kosa lisifutwe kwa rangi nyeupe wala kukwanguliwa. Lipigwe mstari mmoja unaosomeka, au liandikiwe muamala wa marekebisho wenye namba yake. Mkishindwa kabisa kuliona, ibakizeni tofauti ikionekana, na muibebe hadi kikao kijacho. Msiandike kiasi cha kubuni ili salio zilingane.

Sita: kulipana

Salio likishakubaliwa, wote wawili watie sahihi chini ya mstari katika kurasa zote mbili. Kisha Duka lilipe ile 150,000, au ibaki ikikatwa na mafuta ya giza lijalo. Njia zote mbili ni halali. Ninachosisitiza ni kwamba deni lisiachwe kukua upande mmoja mwaka mzima. Kama Mitumbwi inakopa kila giza na hairudishi, hizo ni habari muhimu kuhusu mitumbwi yenyewe, na familia inapaswa kuzisikia mapema. Hapo kaeni mwamue: ni mkopo wenye muda na masharti yaliyoandikwa, au dada ameingia ubia na sasa ana fungu lake.

Saba: picha ya familia nzima

Wakati mwingine benki, au wazazi, watataka kuona biashara zote kwa pamoja. Kujumlisha madaftari mawili tu kutawadanganya. Ondoeni kwanza yote mliyofanyiana ninyi kwa ninyi. Dai la 150,000 la Mitumbwi na deni la 150,000 la Duka vinaondoka pamoja. Mauzo ya nyavu ya 630,000 yanaondolewa kwa Duka, na ununuzi wa 630,000 unaondolewa kwa Mitumbwi.

Kuna kipande kinachosahaulika. Kama Duka lilizinunua nyavu hizo kwa 500,000, faida yake ni 130,000. Lakini kama bado zimefungwa stoo ya kambini, familia haijapata faida yoyote kutoka kwa mtu wa nje. Kwenye picha ya pamoja ziandikwe kwa 500,000, na ile 130,000 iondolewe kwenye faida. Vitabu vya kila mmoja vibaki vilivyo. Marekebisho haya yanaishi kwenye karatasi ya kujumlishia peke yake.

Nane: kufunga mwaka

Mwaka wa mapato wa Tanzania unaishia tarehe 31 Desemba, iwe giza au mbalamwezi. Kikao cha mwisho kifanyike kwa tarehe hiyo, hata kwa simu, na hati zote za Desemba ziwe zimefika pande zote. Hati, nakala na taarifa za benki zihifadhiwe kwa miaka isiyopungua mitano, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Kambini karatasi huloa, kwa hiyo nakala za Mitumbwi nazo ziletwe mjini zikakae kwenye jalada lao.

Tarehe 1 Januari fungueni kurasa mpya. Andikeni salio anzia katika Akaunti ya Mitumbwi na katika Akaunti ya Duka, kiasi kilekile, pande zilizo kinyume, na sahihi mbili katika kila ukurasa. Namba za hati zianze upya kwa D-01 na M-01, mwaka ukiandikwa mbele yake.